Upepo wa Siku Moja, Giza la Miezi Kumi na Moja

Hotuba kwa wahitimu wa mafunzo ya ufundi wa umeme

Ndugu mwenyekiti, walimu, mafundi wazee mlioketi hapo mbele, na ninyi vijana mnaopokea vyeti leo: salaam.

Nitaanza na tarehe mbili. Tarehe 20 Septemba 2017, asubuhi na mapema, kimbunga Maria kilitua Yabucoa, kusini-mashariki mwa Puerto Rico, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani, kikiwa na upepo wa kilomita 250 hivi kwa saa. Alasiri kilikuwa kimeshakikata kisiwa na kutokea baharini upande wa kaskazini-magharibi. Tarehe ya pili ni katikati ya Agosti 2018, pale mamlaka ya umeme ya kisiwa, inayojulikana kwa kifupi cha PREPA, ilipotangaza kwamba wateja wake wa mwisho wamewashiwa. Kati ya tarehe hizo kuna miezi kumi na moja. Upepo ulipita kwa siku moja tu. Basi hiyo miezi iliyobaki nani aliileta? Hilo ndilo nimekuja kulizungumza, kwa sababu upepo hakuna fundi atakayeuzuia, lakini ile miezi ina mikataba, maghala na maamuzi ya watu ndani yake.

Tuangalie kwanza kimbunga kilikuta nini. PREPA ilikuwa na wateja wapatao milioni 1.5, laini za msongo mkubwa kama kilomita 3,900, na za usambazaji kama kilomita 48,000. Ilikuwa pia na deni la karibu dola bilioni 9, na miezi miwili kabla, Julai 2017, ilikuwa imeingia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Shirika lililofika hali hiyo huanza kubana wapi? Mnajua. Hukata matawi machache, hubadilisha nguzo chache, na fundi mzoefu akistaafu nafasi yake haijazwi. Ukipita barabarani huoni tofauti yoyote. Taa zinawaka vilevile. Nguzo iliyooza chini ya ardhi husimama wima kama nguzo mpya, hadi siku inaposukumwa.

Halafu kuna ramani. Mitambo mikubwa ya kufua umeme iko pwani ya kusini. Watu wengi wako kaskazini, San Juan na miji inayoizunguka. Katikati kuna safu ya milima ya Cordillera Central, na umeme lazima uivuke kwa minara iliyosimikwa kwenye miteremko yenye misitu minene. Mlima ukimomonyoka, barabara inakwenda na mnara unakwenda, na kinachobaki kukufikisha ni helikopta. Baadhi ya maeneo Maria ilimwaga zaidi ya milimita 900 za mvua. Udongo ule ulishuka.

Na kama hayo hayakutosha, wiki mbili kabla kimbunga Irma kilikuwa kimepita kaskazini mwa kisiwa na kuwazimia umeme wateja zaidi ya milioni moja. Mafundi walifanya kazi nzuri, wakarudisha wengi, wakatumia nguzo, waya na vikombe (vile vihami vinavyoutenga waya na nguzo) vilivyokuwa ghalani. Maria ilipobisha hodi, makumi ya maelfu ya wateja walikuwa bado gizani na ghala limeshapungua. Baada ya Maria, kisiwa kizima kilizimika.

Sasa naomba tuongee kifundi kidogo. Wageni waalikwa mtanivumilia.

Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Kwa hiyo mnara uliojengewa upepo wa kilomita 125 kwa saa, ukikutana na wa 250, umebebeshwa mzigo mara nne. Na mnara hausimami peke yake. Waya wa mbele unauvuta mbele, wa nyuma unauvuta nyuma, na mizani hiyo ndiyo inayouweka wima. Mmoja ukianguka, jirani yake anavutwa upande mmoja tu, naye anaanguka, na wa tatu anamfuata. Nimeona picha za minara iliyolala kwa mstari kama watu waliosukumana kwenye foleni. Ndiyo maana wahandisi wenye busara huweka, kila baada ya minara kadhaa, mnara mmoja mnene uliojengwa kustahimili mvuto wa upande mmoja. Ni ghali, na katika siku za kawaida unaonekana kama fedha iliyotupwa.

Lakini minara inapigwa picha sana kuliko inavyostahili. Huku chini, kwenye usambazaji, adui mkubwa ni mti. Upepo wenyewe huvunja baadhi ya nguzo, ila mti unaoangukia waya hushusha nguzo tatu kwa mkupuo mmoja na kuondoka na transfoma. Mabati ya paa hupeperuka na kujizungushia kwenye laini. Karibu na bahari kuna chumvi: upepo huibeba hadi kwenye vikombe, ikikauka hutulia, ikipata unyevu huanza kupitisha umeme, na laini uliyoihangaikia wiki nzima inalipuka cheche usiku bila kuguswa na mtu. Vikombe vile lazima vioshwe. Ni kazi isiyopigiwa makofi.

Na maji ya bahari. Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipofika New York, bahari ilipanda zaidi ya mita 4 kwenye ncha ya Manhattan, juu ya kiwango ambacho kituo cha kupoozea umeme cha Con Edison, shirika la umeme la jiji hilo, kando ya Mto East, kilikuwa kimejengewa. Kulitokea mlipuko, na kusini mwa Manhattan kukawa giza kwa siku kadhaa. Upepo haukuwa na hatia pale. Kituo kilizidiwa na maji tu.

Baada ya upepo kutulia, kazi ya kwanza si kupanda nguzo. Kazi ya kwanza ni kutembea. Watu wawili wawili, daftari mkononi, nguzo kwa nguzo: hii imevunjika, hii imeinama, hapa pamekatika waya, hapa pana transfoma chini. Vijana huwa hawaipendi kazi hii, wanataka kupanda. Lakini kikosi kilichotumwa bila tathmini hufika mlimani kikiwa na waya wa kipenyo kisichohusika na bila bolti, kinarudi, na siku imekwisha.

Halafu kuna mpangilio wa kuwasha, na hapa ndipo mtagombana na wananchi maisha yenu yote. Unaanza na mitambo, kwa sababu mtambo mkubwa uliozimika unahitaji umeme ili uweze kuwaka: pampu zake, feni zake, mifumo yake ya udhibiti. Inabidi uanze na mtambo mdogo unaojiwasha wenyewe, wa maji au wa dizeli, ule uwashe mkubwa kidogo, hatua kwa hatua. Kila unapoongeza mtambo unaongeza na wateja, kidogo kidogo, kwa sababu gridi inataka uzalishaji na matumizi vilingane kila sekunde. Ukizidisha upande mmoja, kasi ya mitambo inayumba, mitambo inajikinga kwa kujizima, na mnaanza upya mkiwa mmechoka zaidi.

Mitambo ikisimama, unafuata msongo mkubwa, kisha vituo vya kupoozea, kisha laini kuu zinazokwenda hospitalini na kwenye pampu za maji, kisha laini zenye wateja wengi, kisha matawi, kisha waya wa nyumba moja moja. Kwa hiyo mama mmoja anaweza kuona magari ya mafundi yakipita mlangoni pake siku kumi mfululizo naye yuko gizani. Ataona anadharauliwa. Msimjibu vibaya. Mwelezeni kwamba laini inayomlisha inaanzia kwingine, na kwamba mkimuwashia yeye kwanza hakutakuwa na kitu cha kupita kwenye waya wake.

Nirudi Puerto Rico, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa namna ambayo kimbunga hakihusiki nayo.

Katika kazi yetu kuna utamaduni mzuri sana, na natamani ungejulikana zaidi. Mashirika ya umeme Marekani yana makubaliano ya kusaidiana. Kimbunga kikikaribia, jirani anaanza kupanga magari kabla hata mvua haijanyesha, na mafundi wanasafiri majimbo kadhaa kwenda kuwasha taa za watu wasiowajua. Malipo, malazi, nani anamwamuru nani, vyote vimeshaandikwa mapema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangeweza kuwa wanasema habari za laini ya kilovoti 33.

Baada ya Maria, PREPA haikuuita msaada huo mara moja. Kwa haki yao, kulikuwa na sababu za kuwafanya wasite: kisiwani magari hayaji kwa barabara, yanakuja kwa meli, na shirika lisilo na fedha liliogopa gharama za kuwalaza na kuwalisha maelfu ya wageni. Badala yake lilisaini mkataba wa dola milioni 300 na kampuni moja kutoka Montana, Whitefish Energy, ambayo siku kimbunga kilipotua ilikuwa na wafanyakazi wa kudumu wawili. Wawili. Kampuni ilileta mafundi wa kukodi, na wengi wao walikuwa watu wanaoijua kazi yao. Lakini kelele zilikuwa kubwa, mwisho wa Oktoba gavana akaagiza mkataba uvunjwe, na ombi rasmi la msaada kwa mashirika ya Marekani bara likatoka wakati huohuo. Wiki sita zilikuwa zimekwenda. Mkurugenzi mtendaji alijiuzulu Novemba.

Serikali ya shirikisho nayo ilikuwa imeikabidhi kazi ya kujenga gridi Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi. Hao ni mabingwa wa kufunga majenereta ya dharura, na waliyafunga kwa mamia. Kujenga upya gridi nzima ya kisiwa haikuwa kazi waliyoizoea. Walipoanza kuagiza vifaa, walikutana na kisa kingine: sehemu ya mtandao wa Puerto Rico inatumia msongo wa kilovoti 38, usio wa kawaida huko bara, kwa hiyo baadhi ya vifaa havikuwa kwenye rafu ya mtu yeyote. Vilipaswa kutengenezwa.

Halafu ikaja habari ya ghala. Mapema Januari 2018, maofisa wa shirikisho wakisindikizwa na walinzi wenye silaha waliingia kwenye ghala la PREPA huko Palo Seco na kukuta vifaa vya ujenzi wa laini, vikiwemo vile ambavyo vikosi mlimani vilikuwa vikivisubiri. Wengine walisema vilifichwa. Shirika lilikataa. Mimi nimefanya kazi kwenye maghala, na nitasema ninavyofikiri: ghala lisilo na daftari linalosomeka halihitaji mwizi. Kifaa kinapotea kikiwa kimekaa pale pale kilipowekwa.

Mwisho wa Desemba 2017, miezi mitatu na zaidi baada ya kimbunga, wateja waliokuwa na umeme walikuwa karibu asilimia 55.

Kuna mji mmoja nimeupenda sana katika habari hii yote. Unaitwa San Sebastián, uko magharibi, na wenyeji huuita El Pepino. Meya wao alichoka kusubiri. Akakusanya mafundi wa umeme wastaafu na wafanyakazi wa halmashauri, wakachukua magari waliyokuwa nayo, wakaanza kurudisha laini za mtaa mmoja baada ya mwingine. Kwa utani, wakiiga jina la PREPA, wakajiita Pepino Power Authority, yaani Mamlaka ya Umeme ya Pepino. Waliwawashia watu wengi. Kama mhandisi, nywele zinanisimama nikifikiria watu nje ya shirika wakigusa mtandao bila chumba cha udhibiti kujua kila hatua. Kama binadamu, ningewapa mkono mmoja mmoja. Na angalieni ni nani waliofanya kazi: wastaafu. Ujuzi ambao shirika lilikuwa limeuacha uende nyumbani ulikuwa umekaa barazani ukisubiri kuitwa.

Mambo haya yana bei, na bei yake haikuwa dola peke yake. Kwa miezi mingi hesabu rasmi ya vifo ilikuwa 64. Agosti 2018, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington, serikali ya kisiwa ilikubali idadi ya 2,975. Wengi hawakufa siku ya upepo. Walikufa katika wiki na miezi iliyofuata: wazee, wagonjwa, watu waliohitaji mashine ya kupumulia, kusafishwa figo au dawa ya kukaa kwenye friji, katika kisiwa ambacho umeme, maji, simu na barabara vilikuwa vimekatika pamoja. Sitasema kila kifo kati ya hivyo ni cha nguzo na waya. Nasema tu kwamba nilipoisoma ile idadi, niliacha kuiita kazi yetu huduma kwa wateja.

Kurudisha umeme pia si sawa na kuuponya mtandao. Tarehe 9 Novemba 2017 laini kubwa iliyotoka kutengenezwa iliharibika, na uzalishaji uliokuwa umefika zaidi ya asilimia 40 ya kawaida ukaanguka hadi 18. Tarehe 18 Aprili 2018 mashine ya kuchimbua ya mkandarasi, ikiondoa mabaki ya mnara ulioanguka, ilisogelea mno laini iliyokuwa hai, na kisiwa kizima kikazimika tena. Mashine moja! Septemba 2020 serikali ya shirikisho ilitangaza karibu dola bilioni 9.6 za kujenga upya gridi. Tarehe 18 Septemba 2022 kikaja kimbunga Fiona, cha daraja la kwanza tu, na taa zilizimika kisiwa kizima kabla hata hakijatua. Wakati huo sehemu ndogo sana ya fedha zile ilikuwa imekwisha kuwa nguzo na waya.

Mtaniambia ni umaskini. Sehemu ni umaskini. Florida, mwaka huohuo wa 2017, Irma iliwazimia wateja milioni 4.4 wa shirika la FPL, na ndani ya siku kumi hivi karibu wote waliwashiwa. Walikuwa na barabara, fedha na majirani. Lakini pia walikuwa wamepigwa na kimbunga Wilma mwaka 2005, wakachukua zaidi ya wiki mbili kurudi, wakaona aibu, na miaka kumi na miwili iliyofuata wakakagua nguzo, wakaweka za zege na kukata miti. Louisiana hawana umaskini wa Puerto Rico, na bado Agosti 2021 kimbunga Ida kiliangusha laini zote nane za msongo mkubwa zinazoingia New Orleans. Mnara mmoja kando ya Mto Mississippi, uliosimama kidete mbele ya kimbunga Katrina mwaka 2005, safari hii ulilala. Shirika la Entergy lilihesabu zaidi ya nguzo 30,000 zilizoharibika. Njia nane kwenye mchoro huonekana usalama mkubwa. Kwa upepo mmoja, zilikuwa kama njia moja.

Ndiyo maana siku hizi nawasikiliza sana watu wa Adjuntas, mji mdogo wa mlimani huko Puerto Rico. Kuna kituo cha jamii kinaitwa Casa Pueblo, ambacho kilikuwa kinatumia umeme wa jua kabla ya Maria. Mlima wote ulipokuwa giza, pale taa ziliwaka, na watu walikuja na mashine zao za matibabu, na simu, na dawa zinazohitaji friji. Mwaka 2023 mji ukazindua gridi ndogo ya paneli na betri, inayoweza kujitenga na gridi kubwa na kuendelea kuhudumia maduka ya katikati ya mji. Haitaendesha kiwanda. Lakini duka la dawa likiwa na friji inayofanya kazi, mnapata muda wa kutengeneza mnara kwa utulivu.

Jambo la mwisho ni la kwenu mnaopanda, na nawaomba mafundi wazee mnisaidie kulisisitiza. Baada ya kimbunga kila nyumba inayomudu huwasha jenereta. Mtu asiyejua huchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ili taa zote ziwake. Umeme ule hauishii ndani. Unatoka kupitia mita, unafika kwenye transfoma iliyo juu ya nguzo, na transfoma haijui kushoto wala kulia: kama inavyoshusha umeme unapoingia, ndivyo inavyoupandisha unaporudi. Voti 240 za jenereta ya jirani zinakuwa maelfu ya voti kwenye waya ambao chumba cha udhibiti kimekuhakikishia kwamba umekufa. Chumba hakikudanganyi. Hakijui tu.

Kwa hiyo waya uliokatika ni hai mpaka wewe mwenyewe uupime, na ukishaupima haujawa salama mpaka uufunge ethi, yaani uuunganishe na ardhi, pande zote mbili za mahali unapofanyia kazi. Hata kama giza limedumu miezi mitano. Hata kama msimamizi anapiga kelele, na mtaa mzima umesimama chini unakushangilia, na kamera ziko pale. Hasa kamera zikiwa pale.

Naona mwalimu wa karakana ananyoosha kidole kwenye saa. Nguzo ya mazoezi imeshasimamishwa uani, na kipimo na nyaya za ethi viko mezani. Nimeambiwa kwamba mmoja wa walimu amejificha nyuma ya jengo na jenereta ndogo, na kwamba mmoja kati ya waya tatu pale juu anaulisha yeye. Sitawaambia ni upi. Vaeni kofia zenu, twende.